Mazungumzo ya tabianchi: mustakabali wake kwa jicho la Kilelengwani

Kilelengwani ni kijiji cha delta ya Mto Tana, eneobunge la Garsen, Kenya. Kwa wakazi wake, mustakabali wa mazungumzo ya mataifa kuhusu tabianchi unategemea zaidi mambo mawili: fedha, na uthibitisho kwamba hasara fulani imeletwa na tabianchi.

Katika mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifikia kiwango hicho 2022. Baku, mwaka 2024, lengo likawa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali Afrika ilidai trilioni 1.3.

Uthibitisho ni mgumu zaidi. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuwasaidia walioathiriwa na tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 na kuzinduliwa Dubai 2023. Mwisho wa mwaka huo mvua za El Niño ziliufurisha Tana, na masika ya 2024 yakaongeza. Lakini huko juu yapo mabwawa ya umeme, Masinga hadi Kiambere. Yakijaa, maji humwagika kuelekea Garissa na Garsen. Mkulima Mpokomo aliyepoteza mpunga na mfugaji Mworma aliyepoteza malisho watayatengaje maji ya mvua na ya bwawa? Na mto ukipungua, maji ya bahari hupanda kutoka Kipini, kwenye mlango wa mto, na kuacha chumvi mashambani. Hapo tena lawama inagawanyika kati ya ukame, bahari na mabwawa.

Tarehe 10 Septemba 2012 watu 38, wakiwemo polisi, waliuawa Kilelengwani katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Wapo wanaoyaita vita vya tabianchi. Huko ni kurahisisha mno: palikuwa pia na siasa za kuelekea uchaguzi, ardhi iliyomezewa mate na miradi mikubwa ya kilimo, na mzozo wa malka, njia za mifugo kufikia mto. Mfuko unaodai sababu moja tu utakipita kijiji kama hiki.

Mengine yanaamuliwa mbali. Maamuzi ya mikutano hiyo hupitishwa kwa maafikiano, hivyo nchi chache zaweza kuyakwamisha. Marekani ilijitoa katika Mkataba wa Paris 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikatangaza kujitoa tena. Mkutano wa 2027 umepangwa Addis Ababa. Huko wajumbe wa Afrika watakuwa wenyeji, ingawa hazina bado zi mikononi mwa wengine.