Kutoka Daraja hadi Msimu: Tarehe Fupi ya Zana katika Michezo ya Mtandaoni

Makala haya yakusudia kueleza, kwa kadiri nafasi iruhusuvyo, tarehe ya jambo moja katika michezo ya kompyuta ichezwayo na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, ambamo kila mchezaji humwongoza mhusika wake, humvika, humpa silaha na kumpeleka vitani. Jambo lenyewe ni zana za mhusika huyo: upanga, ngao, chapeo, deraya na pete, jinsi zipatikanavyo, jinsi zipandavyo nguvu, na khasa jinsi nguvu hizo zilivyokuja kufungwa na majira, hata zana iliyotafutwa kwa miezi kadhaa ikawa haifai kitu siku msimu mpya ufunguliwapo.

Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili latuhusu nini. Jawabu ni kwamba wachezaji wenyewe wamebadili neno. Zamani walipotaka kuzipanga zana zao walisema ni za daraja ya kwanza, ya pili au ya tatu. Siku hizi aghalabu husema ni za msimu fulani. Neno la kwanza lataja mahali mtu alipofika, na la pili lataja wakati aliokuwapo. Hoja yangu ni kwamba badiliko hili si la maneno matupu, bali ni badiliko la sheria ya mali: nani anamiliki alichokichuma, na kwa muda gani.

Asili ya michezo hii ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Huko ndiko ilikotoka desturi ya mhusika kuanza na silaha hafifu na kuishia na silaha za ajabu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa maandishi matupu ulioitwa MUD, kisha Richard Bartle akauendeleza. Yafaa tuzingatie desturi moja ya mchezo huo. Mchezaji aliyeokota hazina hakuiweka. Aliitupa katika kinamasi, naye akapewa alama kwa kuitupa. Baada ya muda ulimwengu wote ulianzishwa upya, na kila hazina ikarudi mahali pake. Basi mali ilikuwa ya kupita, na kilichobaki kwa mchezaji kilikuwa cheo chake. Kwa hiyo wale wasemao kwamba zana za kupita ni uzushi wa siku hizi wamekosea, kwa kuwa mbegu yake ilikuwamo tangu mwanzo.

Michezo iliyofuata ilikwenda njia nyingine. Ultima Online ya mwaka 1997 na EverQuest ya mwaka 1999 ziliahidi ulimwengu wa kudumu, usiofungwa mchezaji alalapo. Katika EverQuest zana nyingi ziliweza kuuzwa, kuazimwa, au kupewa mhusika mchanga kama mtoto arithivyo jambia la babu yake. Lakini zana zilizo bora zilikuwa katika milki ya majoka, na joka haliuawi na mtu mmoja. Watu wengi walihitajika, na joka likishakufa huacha vipande vichache tu. Hapo ndipo lilipotokea swali la kale la kila jeshi: ngawira igawanywe vipi?

Jawabu mojawapo lilibuniwa na wachezaji wenyewe mnamo mwaka 1999. Kila aliyehudhuria vita aliandikiwa alama, na kipande kilipopatikana, aliyekitaka alikilipia kwa alama hizo. Hesabu hiyo iliitwa alama za kuua majoka, kwa kuwakumbuka Lady Vox na Lord Nagafen, majoka wawili wa mchezo huo. Ni jambo la kutazamwa vizuri, maana haikutungwa na wenye mchezo. Wachezaji waliona kwamba kazi ya mtu yastahili kuandikwa, na kwamba aliyetoka jasho usiku wa jana asisahauliwe usiku wa leo. Imani hiyo kwamba kazi huwekwa akiba ndiyo iliyokuja kugongana na msimu.

Tarehe 23 Novemba 2004 kampuni ya Blizzard Entertainment ilitoa World of Warcraft huko Marekani. Mambo mawili ya mchezo huu yatuhusu. La kwanza ni rangi. Kila zana ilipewa rangi ya jina lake: kijivu ni takataka, nyeupe ni ya kawaida, kijani ni njema, buluu ni adimu, zambarau ni tukufu, na rangi ya machungwa ni ya kusimuliwa. Mtu asiyejua hata neno moja la maelezo aliweza kusoma cheo cha mwenziwe kwa rangi. La pili ni kufungamana: zana nyingi zilizo bora, zikishachukuliwa au kuvaliwa, zilifungamana na mhusika aliyezipata, hazikuuzwa wala hazikurithishwa. Kwa sheria hiyo moja urithi wa EverQuest ulikatwa, na zana ikawa cheti cha mtu badala ya mali ya ukoo.

Katika miaka hiyo ya awali mpango ulikuwa wa daraja. Watu arobaini waliingia Molten Core kutafuta mavazi ya daraja ya kwanza. Julai 2005 lilifunguliwa pango la Blackwing Lair lililokamilisha daraja ya pili. Na Juni 2006 likafunguliwa Naxxramas lenye daraja ya tatu. Kila pango liliweza kushindwa mara moja tu kwa juma, kwa hiyo kulivika kundi zima kulihitaji miezi. Aliyechelewa kuanza hakuruka. Alipita chini kwanza, ndipo akapanda. Mpango huu ulimheshimu mkongwe, kwa sababu zana za chini hazikupoteza kazi yake: zilikuwa vidato vya ngazi ile ile. Lakini ulimwonea mgeni, maana vyama vilivyofika juu havikuwa na sababu ya kushuka ili kumvuta mkono.

Tarehe 16 Januari 2007 ilitoka nyongeza ya kwanza, The Burning Crusade, na kikomo cha ngazi ya wahusika kikapanda kutoka 60 hadi 70. Wachezaji waliovuka kwenda nchi mpya waliona ajabu. Zana za kijani, walizopewa kwa kazi ndogo ndogo za siku ya kwanza, zilikaribia au kuzishinda zana nyingi za zambarau walizozitolea jasho mwaka mzima. Wachache waliotoka Naxxramas ndio walioweza kuendelea na zao kwa kitambo. Huo ndio uliokuwa mvunjiko wa kwanza mkubwa. Waliolalamika hawakusema kwamba wameibiwa, maana zana zao walikuwa nazo bado. Kilichoondoka ni thamani, nazo zimebaki mkononi, kama sarafu ya serikali iliyokwisha pinduliwa.

Mwaka huo huo wa 2007 lilianza kutumika neno «season» kwa mashindano ya uwanjani ya mchezo huo, ambamo vikundi vya watu wawili, watatu au watano vilipigana. Kila msimu ulikuwa na zana zake, na ulipofungwa, walioshika nafasi za juu kabisa walipewa jina la heshima na kipando. Mwishoni mwa mwaka huo, msimu wa tatu ulipoanza, zana za msimu wa kwanza ziliwekwa sokoni kwa alama zilizopatikana kwa wepesi zaidi. Desturi hii haikuzaliwa hapo peke yake. Katika Diablo II, mchezo wa kampuni hiyo hiyo, tangu mwaka 2003 kulikuwa na ngazi ya mashindano iliyofutwa kila baada ya muda, ili wote waanze pamoja wakiwa mikono mitupu, na baadhi ya zana ziliweza kupatikana humo tu.

Baada ya hapo msimu ulienea kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa huruma kwa mgeni, huruma ambayo pia ilikuwa biashara, kwa kuwa mchezo uliolipiwa kila mwezi hauishi kwa wakongwe peke yao. Desemba 2009 ulianzishwa utaratibu wa kuwakusanya wachezaji wasiojuana na kuwaingiza mapangoni pamoja, na nishani zilizopatikana humo zilinunua zana ambazo miezi michache kabla yake zilitaka chama kizima. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja kweli, lakini wenyeji wengine waliona kwamba dawa ya kuwaponya ilichanganywa na jasho lao.

Sababu ya pili ilikuwa hesabu. Kila daraja mpya ilipaswa kuizidi iliyotangulia, la sivyo nani angeifuata? Mavazi ya daraja ya kwanza yalikuwa na kiwango cha 66. Kufikia mwaka 2013 viwango vya juu vilikuwa vimepita 550, na nguvu za mapigo zikahesabiwa kwa namba ambazo jicho halizisomi upesi. Mnamo Oktoba 2014 wenye mchezo walizipunguza namba zote kwa pamoja. Viwango vikakua hadi karibu 1,000, nao wakazipunguza namba mara ya pili mwaka 2018. Na mwaka 2020 hata ngazi za wahusika zilipunguzwa, aliyekuwa wa 120 akawa wa 50. Mtaalamu wa uchumi atatambua hapa sarafu inayokatwa sifuri.

Mwaka 2016 mapango madogo ya watu watano yalipewa ufunguo wenye namba: mchezaji akishinda kabla ya saa kwisha, namba hupanda, nayo zana hupanda. Kwa kuwa namba hiyo haina kikomo kijulikanacho, ilibidi kikomo kiwekwe na kalenda, na ndivyo msimu ulivyohama uwanjani ukaingia mapangoni. Tangu nyongeza ya Dragonflight, iliyotoka Novemba 2022, kila msimu huwa na orodha yake ya mapango manane, mengine ya kale yaliyorudishwa. Zana nazo hupandishwa kidogo kidogo kwa vito vya msimu, na kila juma mchezaji huchagua zawadi moja katika hazina yake. Msimu ukifungwa, viwango hupanda, na kazi huanzwa tena.

Isidhaniwe kwamba hapakuwa na njia nyingine. Path of Exile, mchezo wa New Zealand uliotolewa rasmi mwaka 2013, huwaanzisha wachezaji upya kila baada ya miezi michache, lakini mwisho wa msimu mhusika na zana zake huhamishiwa katika ulimwengu wa kudumu, wala hapotezi kitu isipokuwa ushindani. Guild Wars 2, iliyotolewa mwaka 2012, haikuupandisha kikomo chake cha ngazi ya 80, na zana zilizo bora humo zimedumu na nguvu zake hata baada ya nyongeza kadhaa. Basi kuchakaa kwa zana si sharti la michezo hii. Ni shauri lililokatwa na watu, nalo laweza kuhojiwa.

Sasa nirudi kwenye maneno. Neno la Kiingereza «season» latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kupanda mbegu. Kwa asili yake basi, latazama mbele, kwenye mavuno. Neno letu msimu latokana na mawsim ya Kiarabu, ambalo shina lake lina maana ya kutia alama: ni wakati uliotiwa alama, wakati wa hija, wa soko, wa pepo. Katika pwani yetu liliambatana na kaskazi na kusi, zilizowaleta na kuwarudisha mabaharia wa Bara Arabu na Ghuba. Nahodha hakuamuru pepo. Lakini alichokipakia katika msimu mmoja hakikuwa takataka katika msimu uliofuata. Aliuza, akaweka faida, akarudi. Msimu wa bahari ulipanga kazi, haukufuta matunda yake.

Kwa kipimo hicho msimu wa michezo una nusu ya maana ya neno letu. Ni wakati uliotiwa alama kweli, nao huwakutanisha watu na kumfungulia mgeni mlango, jambo ambalo daraja lilishindwa. Lakini faida haiwekwi. Wenye mchezo waliitambua kasoro hii kwa namna moja: tangu Novemba 2011 mchezaji wa World of Warcraft aliweza kuipa zana yake mpya sura ya zana ya kale. Nguvu zimekwenda, umbo limebaki. Sisi tulioshughulika na tenzi twaijua hali hiyo. Neno mato kwa maana ya macho halinunui kitu sokoni Dar es Salaam, lakini mshairi alitiapo katika ubeti, msikilizaji hutambua kwamba huyu amepita kwa walimu. Deraya ya mwaka 2005 ivaliwapo leo hufanya kazi hiyo hiyo: haimkingi mtu na pigo, humshuhudia kwamba alikuwapo.

Nionavyo mimi, ushahidi huo ni mwema lakini hautoshi. Wale walioandika alama za kuua majoka walitaka kazi ihesabiwe, si ikumbukwe tu. Kwa waandishi wa Kiswahili watakaolieleza jambo hili, napendekeza daraja litumike kwa zana zipangwazo kwa mahali mtu alipofika, na zana za msimu kwa zile ambazo nguvu zake hukoma kwa tarehe. Wala maneno haya mawili yasichanganywe. Mchezaji kijana anunuapo mchezo wa namna hii ana haki ya kujua kwa lugha yake mwenyewe kama anajenga nyumba au anapanga chumba.