Wadudu wa Edo

Mwaka 1788, katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, mchapishaji Tsutaya Jūzaburō alitoa kitabu cha picha za wadudu na mashairi ya mapenzi. Mchoraji alikuwa Kitagawa Utamaro. Wengi wanamjua kwa sura za wanawake alizochora baadaye; mimi namuenzi zaidi kwa kerengende na vunjajungu wake.

Ukiifuata asili ya kitabu hiki utarudi hadi kwa Kinoshita Chōshōshi, mpwa wa mke wa mtawala Toyotomi Hideyoshi. Vita vya mwaka 1600 vilimpotezea himaya yake, akauacha upanga akashika kalamu. Katika kazi inayohusishwa na jina lake, wadudu wanashindana kwa tungo za mapenzi. Mkondo huo ndio uliowafikia watunzi wa kyoka wa Edo, shairi la mizani 31 lenye umbo la kale na maneno ya mzaha. Mwenye nyumba ya wageni mmoja, aliyejiita Yadoya no Meshimori, alikusanya tungo 30, mbili kwa kila picha, kila utungo na kiumbe wake. Nyoka na chura nao wamo, kwani watu wa Edo waliwahesabu pamoja na wadudu.

Ustadi uko kwenye mbao. Mchonga vibao alibandika mchoro juu ya ubao wa mcheri, akachonga pembeni mwa kila mstari mpaka vipapasio vya panzi vikabaki vimesimama, vyembamba kama unywele. Kila rangi ilihitaji kibao chake. Mpigaji chapa akalaza karatasi juu ya kibao na kuisugua kwa mkono, rangi baada ya rangi, bila kuipotosha hata kidogo. Majina ya mafundi hawa yalistahili kukumbukwa kama la Utamaro.

Lakini jicho lilikuwa la Utamaro. Mwalimu wake, Toriyama Sekien, ambaye mwenyewe alisifika kwa kuchora mazimwi, aliandika mwishoni mwa kitabu kwamba tangu utotoni mwanafunzi wake alikuwa akikamata kerengende na nyenje na kuwatazama kwa makini. Naamini maneno hayo kila nionapo jinsi miguu ya wadudu hao inavyoshika jani. Sekien alifariki mwaka huohuo wa 1788.

Waliobaki hawakupata raha. Serikali ilikuwa imeanza kuwabana waandishi na wachapishaji. Mwaka 1791 Tsutaya alinyang'anywa nusu ya mali yake kwa vitabu vingine alivyochapisha, na Meshimori akafukuzwa Edo kwa shitaka lililohusu biashara yake ya wageni. Zamu ya Utamaro ilifika mwaka 1804: alifungwa pingu siku 50 kwa kumchora Hideyoshi, yuleyule mume wa shangazi wa Chōshōshi. Alifariki miaka miwili baadaye.