Nani Alituambia Mtoto Ana Chakula Chake?

Jumanne moja jioni dada yangu alikuwa na sufuria ya githeri kwa jiko, na kando ya sinki kulikuwa na kichupa cha karoti zilizopondwa alichonunua supermarket shilingi 280. Githeri ilikuwa yetu. Kichupa kilikuwa cha mtoto, ambaye alikuwa amefikisha miezi sita na wiki moja.

Shosho alikuwa ametoka ushago kuja kumwona kitukuu chake. Alikichukua kile kichupa, akakigeuzageuza kama mtu anayekagua noti feki, kisha akauliza: "Na hii karoti ilikufa lini?"

Dada akacheka. "Shosho, hiyo ni chakula ya mtoto."

"Na hii tunapika ni ya nani?"

Hakuna aliyemjibu. Dada huuza nguo za mtumba, na kuna siku anarudi na shilingi 400 pekee. Vichupa viwili vikiisha, siku yake imeisha navyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo muda ninao. Nilikaa na swali la shosho wiki nzima nikisoma usiku, na niliyoyapata yamenifanya niandike hii.

Chakula cha mtoto kama kitu cha kununua dukani hakijafikisha hata miaka 200. Mwaka 1867 huko Vevey, Uswisi, mfamasia mwenye asili ya Ujerumani aitwaye Henri Nestlé alianza kuuza unga wa maziwa, ngano na sukari. Tusimwonee, shida aliyokuwa akiitatua ilikuwa ya kweli. Watoto wa miji ya Ulaya ambao hawakuweza kunyonya walikuwa wakifa kwa wingi. Lakini vile vichupa vya mboga vilikuja baadaye sana, na hadithi yake ndiyo ilinichekesha. Ni Fremont, Michigan, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920. Familia ya Gerber ilikuwa na kiwanda cha kuweka matunda na mboga kwenye mikebe. Vile kampuni yenyewe inavyosimulia, Dorothy Gerber alikuwa jikoni akimpondea binti yake minji kwa mkono, akachoka, akamwambia mumewe kiwanda kifanye hiyo kazi. Kufikia 1928 mikebe ilikuwa sokoni.

Yaani huyo mama wa Michigan alikuwa akifanya kile kile shosho hufanya. Anachukua chakula cha nyumbani, anakiponda, anampa mtoto. Kiwanda kilichukua kazi ya mkono wake, kikaiweka bei, na karibu miaka 100 baadaye dada yangu anainunua Nairobi huku mwiko wa kupondea uko kwa ukuta.

Huku kwetu, hiyo kazi ya mkono iliacha alama hata kwa lugha. Ile irio ya waru, minji na mahindi yaliyopondwa, kwa Kikuyu jina lake maana yake ni "chakula" tu. Si chakula cha wazee ama cha watoto. Nenda Pwani utapata mseto, mchele na pojo vimepikwa pamoja kwa tui la nazi mpaka vikalainika. Ukambani kuna muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda kabla ya kupikwa na maharagwe, na ganda hilo ndilo humsumbua mtoto asiye na meno. Kina mama wengi wa zamani, si wa Afrika pekee, walikuwa pia wakitafuna kwanza ndipo wampe mtoto. Hiyo msiirudishe, tafadhali. Magonjwa hupita kwa mate na kwa ufizi unaotoka damu. Lakini wazo lililokuwa nyuma yake lilikuwa moja: chakula ni kile kile, kinabadilishwa tu ulaini.

Hapa ndipo wengi huanza kuimba "turudi kwa mababu" na kufunga mjadala. Mimi siwezi, kwa sababu kuna daktari mmoja nilimsoma na hanitoki akilini.

Anaitwa Cicely Williams. Alizaliwa Jamaica, akasomea Oxford, na mwaka 1929 serikali ya kikoloni ya Uingereza ikamtuma Gold Coast, Ghana ya leo. Huko alikuta watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabambuka. Wakubwa wa tiba walikuwa na majibu yao tayari. Yeye akawauliza kina mama. Wakampa neno la lugha ya Kiga, kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa, yule aliyeondolewa kwa titi. Aliandika kuuhusu mwaka 1933, na mwaka 1935 jarida la Lancet likachapisha hilo neno. Ile kwashakoo tuliyokariri shule ya msingi ili tupite mtihani ilitoka kwa midomo ya kina mama wa Ghana, sio kwa mzungu wa maabara.

Na wale watoto walikuwa wakila nini? Uji wa mahindi. Uji mtupu, kila siku. Njaa ya kawaida hawakuwa nayo, tumbo lilikuwa limejaa.

Sasa rudi Kenya. Mahindi yaliletwa Pwani na Wareno, lakini kwa karne kadhaa bara waliendelea na wimbi, mtama, mawele, njahi, kunde na viazi. Ukoloni ndio uliyaleta katikati ya sahani. Masetla waliyalima, na wafanyakazi wa mashamba yao wakapimiwa unga wa mahindi kama sehemu ya malipo, uliyoitwa posho. Hilo neno bado tunalo, tumesahau tu kwamba lilikuwa mgao wa kibarua. Baada ya uhuru, mbegu chotara kutoka Kitale zikaanza kutoka, ile H611 mwaka 1964, na wimbi likasukumwa pembeni likawa la uji wa wagonjwa. Wimbi lina kalsiamu mara nyingi zaidi ya mahindi, na sisi tukaliona la kishamba.

Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walitoa utafiti uliowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Walisema Wamaasai ni warefu na wenye nguvu zaidi kwa sababu ya maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu wanaumizwa na vyakula vya nafaka. Maoni yangu: unamnyang'anya mtu ardhi ya Kiambu, halafu unakuja na mizani kumuuliza mbona amekonda. Lakini ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna kitu muhimu. Waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya kijani kwa wingi kuliko wanaume. Wanawake walijua kitu.

Kwa hivyo tatizo halikuwa sufuria. Sufuria ilipunguzwa vitu vyake hadi ikabaki unga mweupe na maji, halafu mtu mwingine akatuuzia vilivyotolewa, vikiwa kwa kichupa.

Nilipomweleza dada haya yote, alinisikiza halafu akauliza swali la mama. "Na akisongwa?" Haki yake. Historia haimzuii mtoto kusongwa na punje ya mahindi. Tukaketi na nesi wa kliniki siku ya kupima uzito, mama mmoja mkali lakini mwenye roho safi, akatupangia.

Githeri ikiiva, mtoto anatolewa yake kabla chumvi na viungo vya pakiti havijaingia. Mahindi yanabaki kwa sufuria. Anachukua maharagwe, waru na terere, anaviponda kwa mwiko, na vikiwa vigumu anapitisha kwa chujio. Maji ya kulainisha yanatoka hapo hapo kwa sufuria, halafu kijiko cha mafuta. Chakula kiwe kizito, kisimwagike kijiko kikiinamishwa. Hapa ndipo nilielewa hesabu ya uji mwepesi. Tumbo la mtoto hubeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 7 ana nafasi ya kama gramu 210 tu. Ukiijaza na maji yenye rangi ya unga, umemshibisha na hujamlisha.

Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo pia huanza kuisha karibu na huo mwezi wa sita. Ndio maana nesi alisisitiza maharagwe pamoja na nyanya, ambayo husaidia mwili kuyachukua hayo madini, na maini ama omena ya kusaga ikipatikana. Chai marufuku, hata ya maziwa, kwa sababu huyazuia. Shosho hakufurahia hiyo. Kwake mtoto kuonjeshwa chai ni upendo. Asali hapana mpaka mwaka mmoja uishe, na njugu nzima nzima hapana kabisa. Kunyonya kunaendelea. Miezi tisa hivi anaanza kushika vipande laini mwenyewe, na akifika mwaka anakula mlo wa nyumba.

Na kuna ule unga wa "kuongeza nguvu" ambao kila mtaa una mtu anauuza: mahindi, mtama, soya, njugu, omena, vyote vimesagwa pamoja. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya kuvu kwenye mahindi, ile aflatoksini. Kuvu hiyo inapenda mahindi na njugu zilizohifadhiwa vibaya, na ukishasaga kila kitu pamoja huwezi kuona ni punje gani ilikuwa imeoza. Dada sasa ananunua wimbi peke yake, analichagua kwa ungo, na anasimama pale kwa mashine likisagwa.

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka siku moja. Terere ya kwanza mtoto aliitema yote kwa blausi ya shosho. Ya pili pia. Shosho akasema hata nyinyi mlitema, mngoje. Mara ya sita ama ya saba hivi akameza, akafungua mdomo tena. Kile kichupa cha karoti dada alikiosha, anawekea dania.

Anayeumia katika haya yote ni mimi. Kwa sababu mtoto anatolewa chakula mwisho, kikiwa kimeiva kabisa, sufuria nzima inapikwa bila chumvi. Chumvi iko mezani, dada anasema, kila mtu ajiwekee.