Mwali wa kijani

Tukifika kwenye somo la chumvi za metali, huwa nasaga kipande cha malakiti, jiwe lenye shaba, nakidondoshea asidi, nachovya waya na kuupeleka motoni. Mwali unageuka kijani na darasa zima linapiga kelele. Hapo nauliza: huku kwetu, nani aliiona rangi hii kwanza?

Bunsen na Kirchhoff walitangaza kule Heidelberg mwaka 1860 kwamba kila metali ina mwanga wake. Lakini huku kwetu Katanga, Wasanga walikuwa wameshakesha mbele ya mwali huo zamani. Waliyeyusha malakiti wakati wa kiangazi, kwa tanuru za udongo wa kichuguu, makala na mivukuto. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika habari zao mwaka 1926, aliwaita walaji wa shaba. Kazi ilikuwa ya chama chenye siri zake, na haikuanza bila dawa na maombi kwa mizimu. Wengine watasema fundi alikuwa akingoja wahenga. Mimi nasema alikuwa akisoma mwali. Sioni kwa nini asifanye yote mawili.

Shaba ile ilimiminwa kuwa misalaba midogo. Lualaba ikishuka hadi ziwa Kisale, misalaba hiyo imefukuliwa makaburini. Na Katanga ilipojitenga mwaka 1960, ilichora mitatu kwenye bendera yake. Lakini tangu 1911, Union Minière ilipowasha tanuru lake Lubumbashi, mwali ulishaingia nyuma ya ukuta.

Kobalti ni habari nyingine: motoni haijitambulishi kwa rangi. Wachimbaji wa Kijerumani wa kale, wakikosa fedha ndani ya jiwe lake na kuvuta moshi wenye sumu, walilipa jina la pepo la machimboni, nalo likabaki. Huku kwetu, mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walianza kulitafuta jiwe hilo hata ndani ya parseli zao.

Kule kwenye soko la Musompo mnunuzi anaelekeza kipimo kiitwacho metorex kwenye jiwe. Kifaa kinapiga miale isiyoonekana, kinasoma inayorudi, kinatoa asilimia. Ni kazi ile ile ya Heidelberg, ila mchimbaji haoni rangi yoyote, anaona namba tu, na bei inatoka humo. Wanafunzi wenye kaka zao machimboni huniuliza kama metorex inadanganya. Nawajibu kwamba, kama mizani, inamfuata aliyeirekebisha. Basi kipindi kinachofuata tunaacha moto, tunafanya hesabu za asilimia kwa kilo, na hapo hakuna anayesinzia.