Reli Iliyozuiliwa na Maji

Leo tunaongea habari ya reli moja ya mbali, kule Wales, Uingereza. Labda utauliza: yatuhusu nini sisi? Tega sikio kwanza.

Reli hiyo yaitwa Ffestiniog. Ilifunguliwa mwaka 1836. Ni reli nyembamba, sentimeta 60 hivi kati ya chuma na chuma. Ilibeba mawe bapa ya kuezekea nyumba, kutoka milima ya Blaenau Ffestiniog hadi bandari ya Porthmadog, mwendo wa kilometa 22 hivi. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka kwa uzito wao wenyewe. Farasi waliyavuta matupu kurudi juu. Mwaka 1863 zikaja injini za mvuke. Baadaye biashara ya mawe ilipungua, na mwaka 1946 treni zikasimama. Vichaka vikafunika njia.

Mwaka 1954 watu wa kujitolea walianza kuifufua. Hii haikuwa salongo ya kulazimishwa. Kila mtu alikuja kwa moyo wake. Mwaka 1955 treni ilianza tena kubeba abiria, na mwaka 1958 ikafika Tan-y-Bwlch, katikati ya msitu.

Lakini kule juu, shirika la umeme la serikali lilichukua ardhi ili kujenga bwawa. Maji yakafunika njia ya zamani.

Ndugu msomaji, wewe ungefanya nini? Wao walifanya mambo mawili pamoja. Kwanza, kampuni ya reli ilidai haki yake kwa njia ya sheria, na mwaka 1972 ikalipwa fidia. Pili, hawakukaa bure kungoja hukumu. Tangu mwaka 1965 watu wa kujitolea walichimba njia mpya kwa sururu na beleshi, siku zao za mapumziko. Njia ilipaswa kupanda juu ya maji. Basi mahali paitwapo Dduallt waliizungusha kama nyoka aliyejikunja, hata ikapita juu ya yenyewe. Mlima nao ukatobolewa upya. Tarehe 25 Mei 1982 treni ilifika tena Blaenau Ffestiniog. Hesabu mwenyewe: miaka 17 tangu sururu ya kwanza.

Hatusemi kwamba vita ni sawa na bwawa. Pale hapakumwagika damu, wala hakuna aliyelala porini na watoto. Tena hatusemi usahau shamba lako lililokaliwa na mwingine. Dai haki yako, lakini kwa maneno na ushuhuda, si kwa panga. Na wakati wa kungoja, usiache mikono ikae bure: daraja la kijiji, kisima, shule ya watoto wa kambi pamoja na watoto wa wenyeji. Watu waliochimba pamoja wana neno la kuanzia siku ya kuketi barazani.

Maswali ya kuongea katika kikundi:
1. Ni njia gani imekatika kati yetu na jirani zetu?
2. Ni haki gani tunadai, na mbele ya nani?
3. Ni kazi gani tunaweza kuanza juma hili, wenyeji na wakimbizi pamoja?

Kaeni na amani.