Sumu ya Aruwimi na Safari ya Vipokezi

Agosti 13, 1887, huko Avisibba kando ya mto Aruwimi, ule unaomwagika katika mto Kongo pale Basoko, chini ya Kisangani, mshale wenye sumu ulimchoma Luteni William Stairs kifuani. Daktari Thomas Parke alifyonza jeraha kwa mdomo wake, na Stairs akapona. Baadhi ya wapagazi Wazanzibari wa msafara wao, ulioongozwa na mpelelezi Stanley, hawakubahatika: taya zao zilikazana, wakafa.

Stanley alidhani sumu ile ilitokana na siafu wekundu waliokaushwa. Parke hakuridhika. Alipeleka Uingereza mimea ambayo Wambuti wa msituni huitumia kupaka mishale, na mwaka 1891 yeye na Edward Holmes wakatangaza kuwa mmojawapo ni wa jamii ya Strychnos, jamii inayotoa sumu ya strikinini. Huenda pepopunda nayo ilichangia vifo vile, kwani dalili zake zinafanana mno na za strikinini.

Strikinini ilikuwa imekwisha kutengwa Paris mwaka 1818 kutoka kwa mbegu za Asia. Namna inavyoua ilieleweka baadaye sana, katika miaka ya 1960: uti wa mgongo hutuliza misuli kwa kutumia kemikali iitwayo glisini, na strikinini huziba vipokezi vya glisini, yaani protini za seli za neva zinazoipokea. Huving'ang'ania hasa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1982, nchini Ujerumani, Heinrich Betz na wenzake waliitumia sumu yenyewe kuvinasa vipokezi hivyo na kuvisafisha.

Lakini kipokezi hufikaje juu ya seli ya neva? Hutengenezwa ndani, hukaguliwa, kisha hupakiwa katika vifuko vinavyokokotwa na protini za mwendo juu ya nyuzi za seli, kama mizigo inavyosafiri Kisangani kwa baiskeli za toleka, hadi kwenye utando wa nje. Hapo protini iitwayo jefirini hukishika kwenye sinapsi, mahali neva zinapokutana. Mwaka 1998 ilionekana kuwa panya wasio na jefirini hukakamaa wanapoguswa na kufa siku ile ile ya kuzaliwa. Vipokezi vyao vipo, ila vimetawanyika ovyo.

Wengi walidhani kipokezi kikifika kimefika. Mwaka 2003, Antoine Triller, Maxime Dahan na wenzao mjini Paris walibandika chembe zinazong'aa kwenye vipokezi, kimoja kimoja, wakavishuhudia vikitangatanga juu ya seli hai, vikiingia sinapsi na kutoka.