Alfu Lela Ulela Ilivyoingia Katika Sinema

Msomaji aliyelelewa na Alfu Lela Ulela, ama kwa Kiarabu cha wazee wake ama kwa Kiswahili cha Edwin Brenn kilichosahihishwa na Frederick Johnson, akiketi kutazama filamu zilizotokana na hadithi hizo hakosi kustaajabia jambo moja: katika bahari yote ile, watengenezaji wa sinema wa Ulaya na Marekani aghalabu huvua mahali pamoja, yaani katika hadithi za Aladini, Ali Baba, farasi wa mpingo arukaye angani, na Mwanamfalme Ahmadi na Pari Banu. Na ajabu huzidi mtu akitambua kwamba hizo zote hazikuwamo katika nuskha ya Kiarabu aliyokuwa akiifasiri Mfaransa Antoine Galland, mtu wa kwanza kuzipeleka hadithi hizi Ulaya.

Galland alianza kuchapisha tafsiri yake mwaka 1704, na nuskha ilipomwishia hali wasomaji bado wana kiu, alijaliwa mwaka 1709 kukutana mjini Paris na kijana Mmaroni wa Halab, Hanna Diyab, aliyekuja na msafiri Paul Lucas kwa ahadi ya kupewa kazi katika maktaba ya mfalme, na ambaye alikwisha kupelekwa Versailles amebeba tundu la panya wa jangwani ili Louis XIV awatazame. Kazi ya maktaba hakuipata. Alichofanya ni kusimulia, na Galland akanukuu katika daftari lake la kila siku. Lakini vitabu vilipotoka, jina la msimuliaji halikuandikwa humo.

Sinema ilirithi hazina hiyo bila kuuliza mwenyewe. Mwaka 1924, Douglas Fairbanks alipocheza mwizi wa Baghdadi katika filamu iliyoongozwa na Raoul Walsh, wana wa wafalme watatu walitumwa kutafuta tunu isiyo na kifani, wakarudi na zulia lirukalo, tufe la kioo lionyeshalo mambo ya mbali, na tufaha liponyalo wagonjwa. Na yeyote aijuaye hadithi ya Ahmadi na nduguze huitambua mara moja, ijapokuwa imevikwa nguo nyingine. Zulia lilining'inizwa kwa nyaya nyembamba juu ya umati, na watu wakaridhika kuwa limeruka.

Lakini kwa maoni yangu kazi iliyo bora kuliko zote haikutoka Hollywood, wala haikuwa na mchezaji hata mmoja wa damu na nyama. Huko Potsdam, wakati fedha ya Kijerumani ilipokuwa ikipoteza thamani kutwa kucha, tajiri wa benki aitwaye Louis Hagen alinunua shehena ya filamu tupu kwa matumaini ya kuhifadhi mali yake, na biashara hiyo isipomletea faida akampa Lotte Reiniger, msichana wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1899, pamoja na chumba juu ya gereji ya gari lake. Humo, tangu mwaka 1923 hata 1926, Lotte alikata kwa mkasi watu, majini na farasi katika karatasi ngumu nyeusi, akawatia mabamba membamba ya risasi, akaunga viungo vyao kwa waya, kisha akawalaza juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini. Kamera ilining'inia juu yao. Mkono wa kijisanamu ukisogezwa kidogo, picha hupigwa. Ukisogezwa tena, hupigwa nyingine. Na kwa subira hiyo, ambayo wengi wetu hatungeistahimili kwa juma moja, ikapatikana filamu ya zaidi ya saa moja. Mumewe Carl Koch alisimamia kamera, na Walter Ruttmann akatumia nta na vitu vinginevyo kuufanya uchawi uonekane ukifuka na kuyeyuka. Filamu hiyo, ya Mwanamfalme Ahmadi, ilitangulia filamu ya Disney ya Snow White kwa miaka 11. Nakala asilia ilipotea vitani, na tunayoitazama leo ilitengenezwa upya kutokana na nakala iliyosalia London.

Baada ya hapo sinema ilianza kujinakili yenyewe. Filamu ya Alexander Korda ya mwaka 1940 kuhusu mwizi yule yule wa Baghdadi, iliyoanza kupigwa Uingereza na kumaliziwa Marekani kwa sababu ya vita, ilimfanya Jaafari kuwa waziri mchawi na dhalimu, akichezwa na Conrad Veidt. Na Disney walipotoa Aladini wao mwaka 1992 walimchukua Jaafari huyo kama alivyo, pamoja na jina la Abu, mwizi mdogo aliyechezwa na Sabu, wakampa kima. Mimi hapo naona dhuluma. Jaafari tumjuaye kitabuni ni sahibu wa khalifa Harun Rashid, mtu wa busara atembeaye naye usiku katika vichochoro vya Baghdadi wamejigeuza wafanyabiashara. Na Jaafari wa tarikh, mwana wa ukoo wa Barmaki, aliuawa kwa amri ya bwana wake huyo mwaka 803. Kana kwamba kukatwa kichwa hakukumtosha.

Kwa insafu nimtaje Mtaliana Pier Paolo Pasolini, ambaye mwaka 1974 aliacha kando taa na zulia, akaenda na kamera yake Yemen, Uajemi na Nepal, akazipanga hadithi moja ndani ya nyingine kama kitabu kinavyozipanga.

Hanna Diyab alirejea Halab akauza nguo. Uzeeni, mwaka 1764, aliandika kwa mkono wake habari za safari yake, na maandiko hayo, yaliyopungua kurasa za mwanzo, yakawekwa katika maktaba ya Vatikani bila kujulikana ni ya nani hata mwaka 1993. Yalichapishwa kwa Kifaransa mwaka 2015. Miaka minne baadaye Disney wakamtengeneza Aladini upya, naye akawaingizia zaidi ya dola bilioni 1.